Anayeanza kuvua kaa aanze na kamba, si na shimo

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuzungumze na vijana wanaotaka kuanza kuvua kaa kwa miguu, bila chombo, kutoka ufukweni na kandokando ya hori. Shule zikifungwa, au vibarua vya mjini vikiadimika, huku mikokoni tunapokea wageni wenye ndoo, jembe na ari. Wanamtafuta kaa koko, yule mkubwa mwenye gamba la kijani au kahawia anayenunuliwa mzima kwa kilo. Wengi wameona kwenye simu mtu akizamisha mkono shimoni hadi begani na kuibuka na kaa wa kilo nzima, basi nao wanaanzia shimoni. Sisi tunasema shimo ni la kumalizia. Anayeanza aanze na kamba yenye chambo, isiyo na ndoana, pamoja na wavu wa mpini.

Kaa hamezi chambo kama samaki. Hukishika kwa gando, akakinyofoa kidogo kidogo na kupeleka mdomoni, na akishakishika hapendi kukiachia. Ubahili huo ndio unaomponza. Ndoana haina kazi hapo. Itang'ang'ania mizizi tu, au kidole chako. Kazi yote ni kumvuta kaa polepole, naye akiwa bado ameng'ang'ania chakula chake, mpaka afike mahali ambapo wavu unamfikia.

Kamba iwe uzi wa nailoni uliosokotwa, unene wa milimita 2 au 3, urefu wa mita 6 hadi 8. Mshipi mwembamba wa kuvulia samaki haufai, kwa sababu unakata vidole, unajisokota kwenye mizizi, na gando kubwa linaukata mara moja. Mwisho wa kamba funga chubwi, yaani kizito cha kuzamishia kamba, la gramu 100 hadi 150, au jiwe lenye kiuno ili fundo lisichomoke. Chambo kifungwe karibu kabisa na chubwi, kilale chini. Chambo kinachoelea juu ya matope kinaliwa na samaki wadogo, kaa hakifikii. Mwisho wa pili ufunge kwenye kijiti kikavu ulichokuja nacho na kukichomeka ukingoni. Usikate tawi la mkoko kwa kazi hiyo; mikoko ni misitu ya hifadhi na kukata bila kibali ni kosa. Tengeneza kamba tano au sita, uzitege kwa kuachana hatua kumi hivi. Kamba moja ni ya kukaa na kusubiri, lakini sita zinakupa mzunguko: ukimaliza ya mwisho, ya kwanza imeshakaa vya kutosha.

Kwa chambo, ngozi ya taa au ya papa ndiyo tunayoipenda kuliko vyote, kwa kuwa ni ngumu na inadumu majini. Kichwa cha samaki mkubwa kinafaa, hasa ukikipasua damu na mafuta vitoke. Utumbo wa kuku unavuta kaa upesi lakini hautulii kambani, kwa hiyo ufungie ndani ya kipande cha wavu chakavu. Hilo lina faida ya pili: meno ya gando hunasa kidogo kwenye nyuzi, na kaa huchelewa kuachia. Dagaa na minofu laini vitaliwa kabla hujafika kamba ya tatu. Kuna wanaosema chambo kinachonuka ndicho kizuri. Kwa kaa koko tunakataa. Chambo kibichi cha siku hiyo hiyo kinashinda kilichooza, na kilichooza kinaachana na kamba mapema. Kila kipande kiwe na ukubwa wa ngumi. Kikiwa kikubwa zaidi kaa hukaa mbali upande wa pili wa chambo na wavu haumpati. Kikiwa kidogo anakinyofoa na kuondoka nacho.

Ukivuta kamba ukaona chambo kimekatwa vipande safi kama kwa mkasi, si kaa huyo. Ni bunju, yule samaki anayejivimbisha. Hamisha kamba mahali pengine, maana akishakujua hatakuacha, na ukimpata bahati mbaya usimpeleke jikoni, ana sumu inayoua.

Wavu wa mpini ndio unaopuuzwa na wengi, na ndio unaowafanya warudi mikono mitupu. Mdomo wake uwe na upana wa sentimita 40 hivi, uliotengenezwa kwa chuma chembamba au tawi lililopindwa, na mpini wa mita moja na nusu hadi mbili. Mfuko usiwe na kina kirefu. Sentimita 25 zinatosha. Mfuko mrefu wa nyavu nyembamba humnasa kaa miguu yote minane na magando mawili, na utatumia robo saa kumtoa huku kamba nyingine zikiliwa. Wavu mgumu wenye macho ya sentimita 2 au 3 ndio bora.

Sasa kuvuta. Kagua kamba kila baada ya dakika 10. Ishike kwa vidole viwili, ukaze taratibu bila kuvuta, usikilize. Jani au mzizi ni uzito mfu. Kaa ni uzito unaovuta kurudi, wa kugugumia, na wakati mwingine kamba yenyewe utaiona imekaza kwenda upande ambao hukuitupa. Hapo vuta kiganja kwa kiganja, bila kusimama na bila kushtua. Ukisimama ghafla anaanza kula tena na kugeuka. Ukiharakisha anahisi maji yanampiga na kuachia. Usimsubiri atokeze juu ya maji. Kaa huachia anapoona mwanga na kuhisi hewa, na kaa mzito akitoka majini uzito wake wote huning'inia kwenye magando yake. Akiwa bado sentimita 30 chini, au mara tu unapoona kivuli chake, ingiza wavu kwa nyuma na kwa chini yake, kisha inua. Wavu ukitokea mbele ataruka kinyumenyume na kukuponyoka. Usisimame kivuli chako kikianguka majini, na kama mko wawili, mmoja avute na mwingine ashike wavu. Hii ni kazi inayopendeza zaidi kwa wawili.

Aliyekwisha kuzoea kamba anaweza kuongeza wavu wa duara. Chukua nondo ya milimita 6, ipinde mviringo wenye upana wa sentimita 60 hadi 75, ushonee wavu unaolegea sentimita 20 katikati. Funga kamba tatu fupi za urefu sawa kwenye duara, zikutane kwenye kamba moja ndefu, na chambo ukifunge katikati kabisa ya wavu. Tupa kwenye maji ya kina cha mita moja hadi tatu, mahali ambapo sakafu ni tambarare. Duara likilala juu ya mzizi, upande mmoja unabaki juu na kaa anatokea huko. Acha dakika 15 hadi 20, kisha fanya kinyume cha tuliyosema kuhusu kamba: vuta kwa nguvu na kwa mfululizo, bila kupumzika, mpaka duara litoke majini. Kwenye kamba kaa hapaswi kujua anavutwa. Kwenye duara akijua haidhuru, mradi asipate nafasi ya kuvuka ukingo. Anayechanganya mienendo hii miwili hukosa kote kuwili. Dema, ule mtego wa kusukwa unaoachwa majini, nalo linavua kaa vizuri, ila likipotea na kubaki majini linaendelea kuua bila mwenyewe, kwa hiyo hatumpi mwanafunzi dema mwezi wa kwanza.

Yote hayo hayana maana kama hujui maji. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua: maji yanajaa sana na kukupwa sana, tofauti ya mita tatu na kitu hadi nne katika pwani yetu. Siku hizo maji hujaa kama saa kumi au saa kumi na moja, alfajiri na jioni, na kukupwa kama saa nne au saa tano, asubuhi na usiku. Mwezi ukiwa nusu, yaani tarehe 7 hadi 10 na 22 hadi 25 za mwezi wa mwandamo, ni maji mafu; hayapandi sana wala hayashuki sana, na saa zake zimegeuka: asubuhi saa nne ndipo yanapojaa. Kila siku saa husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Kaa hutoka maskanini maji yakianza kuingia, akapanda nayo hadi kwenye mizizi kutafuta chakula. Kwa hiyo kamba zitegwe saa mbili kabla ya kujaa, na uendelee mpaka saa moja baada ya maji kugeuka. Mkondo ukiwa mkali katikati ya kujaa, chubwi halitulii na harufu ya chambo hupelekwa mbali. Hamia kwenye kona au nyuma ya kichaka ambako maji yametulia. Bamvua ya jioni ndiyo tunayomshauri anayeanza. Maji yanaingia kwenye mizizi kuanzia saa nane mchana, giza linakaribia wakati maji yanajaa, na kaa ni mnyama wa giza.

Hapa tuna ombi kwako Mhariri. Magazeti huchapa saa za swala, bei za fedha za kigeni na hali ya hewa ya miji ambayo wengi wetu hatutaifika. Kisanduku kidogo chenye saa za kujaa na kupwa maji kwa Tanga, Dar es Salaam, Zanzibar na Mtwara kingesaidia wavuvi wa miguu, wakulima wa mwani, wanawake wanaochokoa pweza na hata wanaokwenda kuogelea. Hesabu hizo bandari wanazo tayari.

Mahali pa kutega: tafuta mdomo wa kijito kidogo kinachoingia kwenye hori kubwa, au ukingo ambao mizizi ya mkoko imeinamia maji ya kina cha kiuno wakati wa kujaa. Ufukwe wazi wenye mchanga na mawimbi una kaa wengine wadogo, kaa koko si wake. Kwenye mchu (aina ya mkoko) wa juu, ambako ardhi ni ngumu na maji hufika siku za bamvua pekee, utapoteza siku. Mvua kubwa ikinyesha bara na maji ya mto yakashuka, kaa husogea kuelekea mdomoni kwa bahari, nawe sogea.

Ukishampata, usimshike mbele. Mkanyage polepole mgongoni kwa kiatu, juu ya mchanga au matope magumu, kisha mshike kwa nyuma, kidole gumba chini na vingine juu, katikati ya ile miguu miwili ya mwisho iliyo bapa kama kasia. Hapo gando halifiki. Funga kwa kamba laini ya urefu wa mita moja au zaidi kidogo: pitisha mbele kati ya gando na mwili, kunja gando la kwanza lishikamane na uso, zungusha, kisha la pili, na fundo likae nyuma. Usimvunje gando ili kumtuliza, wala usimvute kwa gando. Kaa huliachia mwenyewe, na kaa wa gando moja mnunuzi humshusha daraja. Akikubana, jizuie usivute mkono, maana kuvuta kunamfanya akaze na kuchana nyama. Weka mkono pamoja naye majini au chini, utulie. Akihisi ana njia ya kukimbia huachia.

Kabla ya kufunga, mgeuze. Dume ana mkia mwembamba wenye ncha uliokunjwa tumboni. Jike mkubwa ana mkia mpana wa duara. Jike mwenye mayai nje, rundo la rangi ya machungwa au nyeusi chini ya mkia, rudisha pale pale bila mjadala; mayai hayo ni kwa mamilioni, na kwa kawaida yeye hukimbilia bahari kuu kuyaangua, kwa hiyo ukimkuta horini amebakiza safari tu. Kaa wa chini ya nusu kilo naye arudi. Kisha bonyeza kwa kidole gumba gamba la chini, karibu na shina la miguu ya mwisho. Likibonyea, kaa huyo amejivua gamba karibuni na ndani ni maji matupu: mpishi atakulaumu, mnunuzi atakukata kwenye mizani. Gamba jipya linang'aa na kuonekana zuri, na ndilo linalowadanganya wanaoanza. Lililochakaa, lenye madoa na hata vikome vidogo vilivyoota juu yake, kwa kawaida ndilo lililojaa nyama.

Kosa linaloua kaa wengi kuliko yote ni ndoo ya maji. Kijana anadhani kaa ni samaki, anajaza maji ya bahari, anapanga kaa sita humo na kufunika. Maji yaliyotuama huisha hewa ndani ya muda mfupi na kaa wote hufa. Kaa koko akiwa nje ya maji huishi siku kadhaa, mradi matamvua yake yabaki na unyevu. Mweke kwenye kapu au kreti, mfunike kwa gunia lililoloweshwa maji ya bahari, kivulini, pasipo upepo mkali. Lowesha gunia tena kila likianza kukauka, kwa maji ya chumvi, si ya bomba. Jua la mchana juu ya kapu lisilofunikwa halimpi muda. Na aliyekufa bila wewe kujua saa, mtupe. Nyama yake huharibika upesi mno. Pwani yetu wako wengi wasiomla kaa kwa sababu za dini na wanamvua kwa kuuza tu, ndiyo maana tunasisitiza: kwao kaa aliyekufa ni hasara tupu.

Turudi kwenye shimo, kwa aliyekwisha kukomaa. Huendwa maji yakiwa yamekupwa ya bamvua, kuanzia saa tatu asubuhi, ili uwe umetoka kabla maji hayajakuzunguka. Vijito vya mikokoni hujaa kwanza nyuma yako kabla hujaona mbele. Shimo lenye kaa mkubwa lina mdomo mpana kuliko urefu wake wa kwenda juu, matope mabichi yaliyosukumwa nje na mikwaruzo ya miguu mlangoni. Lenye utando wa buibui au majani makavu halina mtu. Tumia chuma cha milimita 6, urefu wa mita moja au zaidi, ncha imekunjwa sentimita 4 au 5 na kufanywa butu. Ingiza kwa kufuata mwinamo wa shimo, kwa maana haliendi wima, mpaka uhisi mgongano mkavu wa gamba. Naye atalikamata chuma. Mzungushe ncha nyuma yake, mvute kwa upole. Akijikaza kwenye ukuta, legeza, ngoja, anza tena. Mkono usiingie kamwe: zaidi ya kaa, mkunga, samaki mrefu kama nyoka, naye hupenda mashimo hayo, na meno yake hayaachii.

Jembe usije nalo. Shimo lililofukuliwa halikaliwi tena na mizizi iliyokatwa haimrudii mkoko. Lililoachwa zima, kaa mwingine huhamia, na mvuvi mwenye akili ana mashimo yake anayoyapitia bamvua baada ya bamvua.

Vaa viatu vya mpira vinavyobana. Chaza kwenye mizizi hukata kama wembe na jeraha la mikokoni huchelewa kupona. Kwenye maji yenye tope buruta nyayo, usinyanyue miguu, ili taa aliyelala ahisi na kuondoka. Akikuchoma, zamisha mguu kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, kwa nusu saa au zaidi, huku unatafutiwa usafiri wa kwenda zahanati.

La mwisho ni kwa anayetoka mikokoni na kujaribu miambani. Kaa wa miamba wenye gamba la mviringo lenye michoro na madoa ya rangi, na vidole vya gando vyeusi, wamo wenye sumu kali, na kuchemsha hakuiondoi. Hata wakiwa wanene, waache. Na anayetaka kuvua kwa kuuza apitie kwanza ofisi ya uvuvi ya wilaya na kwa viongozi wa BMU (kikundi cha kusimamia rasilimali za uvuvi) wa kijiji anachokwenda, aulize leseni, kipimo cha kaa kinachoruhusiwa na maeneo yaliyofungwa. Afanye hivyo kabla hajanunua hata uzi.

Wavuvi wa miguu,
Tongoni, Tanga